Habari za Kuku Kwanza

Ungefika kwa Shaush na habari ya moto, hata kama nyumba inayoungua ni yako, angekurudisha mlangoni. Sisemi utani. Siku jiko langu liliposhika moto niliruka ua nikaingia kwake nikipiga kelele, naye akanitazama kutoka kwenye kiti chake cha kamba akasema, "Binti, huko umetoka iko watu ama iko mawe? Salamu iko wapi?" Kisha, kwa kuwa hakuwa mwendawazimu, akabeba ndoo mbili za maji akanitangulia mbio. Tulipokwisha kuzima, sote tumejaa masizi mpaka masikioni, akanyoosha mkono. "Sasa. Salaam aleikum. Habari ya asubuhi?" Nikaitikia, nywele zangu zikinuka moshi.

Shaush ni cheo cha sajini kwa lugha ya babu zetu Wasudani waliokuja Kibra na bunduki za Mwingereza wakapewa huu msitu wakae. Makina, mtaa wetu hapa Kibra, ilikuwa na mashaush wengi wakati huo, kila ua wa tatu una wake, lakini ukisema "Shaush" bila kuongeza neno, watu walijua ni yule. Mimi nilimkuta pale nilipoolewa kutoka Kambi Muru, baada tu ya vita vya Hitla, na ua wetu na wake ulitenganishwa na mabua ya mahindi peke yake. Kwa hiyo niliyasikia yake yote, nikitaka nisitake.

Salamu zake zilikuwa na njia yake, na njia hiyo haikuwa na mkato. Alianza na mwili wako. Akaja kwenye nyumba, kisha waliomo ndani ya nyumba, mmoja mmoja. Akauliza wagonjwa. Akauliza mbuzi, akauliza kuku, akauliza shamba la mahindi na kama tumbili wameshuka. Akamaliza na wasafiri: nani yuko njiani, nani hajarudi. Hapo ndipo aliposema, "Haya, sema," na wewe uliyekuja kuomba chumvi tu ukawa umesahau umekuja kuomba nini, na maharage yako nyumbani yamekauka sufuriani. Watoto walikuwa wakipitia mtaroni ili wasipite mbele ya mlango wake. Wakubwa walikuwa na haya ya kupitia mtaroni, lakini nimewaona wakiutazama.

Alikuwa mtu wa mambo mawili mawili. Alichukia mwongo kuliko mwizi, lakini akianza kusimulia kisa hata paka wa jirani alikuwa na ukoo na tabia. Viatu vyake vya jeshi alivipaka rangi kila Alhamisi mpaka unajiona ndani yake, akavirudisha chini ya kitanda, akaenda msikitini Ijumaa na makubazi. Alikwenda vita vya kwanza vya Mjerumani, akavuka mito kule Tanganyika ambako wenzake wengi walibaki, lakini hakuweza kumchinja kuku. Aliita jirani amchinjie. Na akishachinjwa, hamli! Wali atakula, mchuzi atachovya, nyama anakusogezea wewe. Nilidhani ni tumbo lake.

Mkewe tulimwita Haboba, yaani nyanya, ingawa hakuwa amezeeka hivyo. Mwanamke mwembamba, gurbaba yake, lile shuka la wanawake wa Kinubi, imefungwa vizuri kiunoni hata anapofagia, na mkononi daima ana tabaga, ule ufuniko wa chakula tunaousuka sisi Wanubi kwa ukindu wa rangi. Haboba alisema maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya kumsahihisha mumewe.

Sasa niseme habari ya sinema.

Gari la sinema la serikali lilikuwa likija Makina mara kwa mara, linasimama uwanjani karibu na msikiti, linatandaza shuka jeupe, na jua likishazama tunaonyeshwa namna ya kunawa mikono. Tulionyeshwa namna ya kupanda mahindi kwa mstari. Tulionyeshwa mtu mpumbavu na mtu mwerevu, na yule mwerevu siku zote amevaa soksi. Watu walikuja kwa wingi kwa kuwa hapakuwa na kingine, na Shaush hakukosa hata siku moja, akakaa mbele kabisa na kiti chake cha kamba, na hakuna kilichompendeza.

"Huyu ameingia nyumba ya watu, hapana piga hodi!" alisema kwa sauti. "Hapana uliza mtoto, hapana uliza mgonjwa. Anasema choo tu. Choo, choo! Nani atasikiza mtu kama huyu?"

Mwenye gari alimwomba anyamaze. Shaush akasema atanyamaza yule wa kwenye shuka akisalimia. Nasi nyuma tukicheka mpaka machozi, maana alikuwa anasema kweli. Wale watu wa kwenye shuka walikuwa na sura kama zetu na nyumba kama zetu, lakini waliishi kana kwamba hawakuzaliwa na mtu.

Jioni moja, kabla ya picha kuanza, yule mwenye gari akashika kipaza sauti akatangaza mashindano. Ofisi ya sinema inatafuta waandishi wapya, Waafrika, waandike hadithi ya kuchezwa katika picha. Hadithi iwe fupi, iwe ya maisha ya watu. Mshindi atafundishwa kazi ya kuandika sinema miezi sita mjini, analipiwa chakula na malazi, na hadithi yake itapigwa picha na kuzungushwa nchi nzima.

Shaush alisimama. "Mwandishi mpya ni nani?"

"Ni mtu ambaye hajapata kuandika hadithi, mzee."

"Umri?"

"Hawakusema umri."

"Basi mimi mpya kabisa," Shaush akasema. "Sijaandika hata moja."

Uwanja mzima ulicheka, na yeye akakaa akitazama shuka. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilimwona shingo yake ilivyokakamaa. Nikajua mzee amekwisha amua.

Kusoma na kuandika alijifunza jeshini, herufi kubwa kubwa zilizosimama kama askari kwenye gwaride. Aliandika asubuhi, baada ya sala, mezani nje ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mtu angeweza kupita bila kuulizwa mbuzi. Makina tulipata raha kidogo. Alipomaliza alituita uani, majirani wachache na rafiki yake wa Kawangware, mzee Mkikuyu mwenye shamba na ng'ombe wa maziwa, mzee wa kanisa aliyesoma gazeti kila siku na kulikunja vizuri lisiharibike. Walifahamiana kwa biashara ya maziwa na wakapendana kwa ubishi.

Hadithi ilikuwa hivi. Mwanamume anarudi kutoka vitani baada ya miaka. Nyumbani walikwisha ambiwa amekufa. Mkewe amemlilia, amekaa eda mpaka ikaisha, na sasa yuko peke yake uani, anasuka tabaga. Mtu anafika kwenye ua. Homa imemkondesha, sauti imekwaruza, nguo si zake. Anamwona mkewe lakini haoni nani mwingine yuko ndani ya nyumba ile. Pengine ameolewa. Pengine akisema "Ni mimi" atavunja nyumba ya mtu. Basi hasemi. Anapiga hodi na kutoa salamu kama mpita njia.

Na mke hamtazami. Mwanamke mwenye heshima, peke yake uani, hainui macho kumtazama mwanamume asiyemjua. Anaitikia huku macho yako kwenye kazi yake. Kwa hiyo hakuna njia nyingine baina ya wale wawili isipokuwa salamu. Mwanamume anauliza nyumba, mke anaitikia. Anauliza mwili, anaitikia. Anauliza mbuzi...

"Uongo!" Haboba akasema kutoka jikoni.

Sisi sote tukageuka.

Haboba akatokea mlangoni, mwiko mkononi. "Hukuuliza mbuzi. Uliuliza habari za kuku kwanza."

Basi hapo ndipo tulipojua. Nilimtazama yule mzee mwenye makelele na yule mama mwembamba, nikaona aibu kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha. Shaush alikuwa anaitazama karatasi yake.

"Mbuzi ni mnyama mkubwa," akasema kwa sauti ndogo. "Nimefikiri kwa sinema ataonekana vizuri."

"Mbuzi tulikuwa hatuna," Haboba akasema. "Ulisema: na kuku, bado wanalala jikoni? Nikaacha kusuka. Nikasema, mgeni huyu amejuaje kuku wangu wanalala jikoni? Nikasema, bado. Wanalala jikoni. Ndipo nikainua macho." Akarudi kwenye sufuria yake. Baadaye, tukiosha vyombo, aliniambia wale kuku ndio waliompa mume mara ya pili, na kwamba tangu siku ile mwenzake hajagusa nyama ya kuku.

Shaush alifuta mbuzi, akaandika kuku. Mzee wa Kawangware naye, ambaye alikuwa amepenga kamasi kwa kitambaa mara mbili na kusingizia moshi, alitoa ushauri wake.

"Shaush, hii ni nzuri, Ngai ni shahidi. Lakini sikiza mimi. Hii mambo ya jambo-jambo ni mrefu sana. Sinema ni haraka. Wewe kata, anza pale mama anamjua mzee wake, analia, wanashikana. Watu wanapenda hiyo. Utashinda."

"Nikikata salamu, mama atamjua namna gani?"

"Atamwona tu!"

"Atamwona namna gani, na hapana inua macho?"

"Ainue, ni sinema!"

"Mke wangu hapana mwanamke wa kuinua macho ovyo," Shaush akasema, na ubishi huo ukaendelea mpaka maziwa ya Kawangware yakachacha.

Hakukata. Alipeleka ilivyo. Na wakamwita! Mtu kutoka Makina, mzee mwenye nywele nyeupe, akaitwa mjini na ofisi ya sinema pamoja na waandishi wapya wengine wachache walioteuliwa, wote vijana wenye kalamu mifukoni. Siku hiyo nilishuhudia viatu vya chini ya kitanda vikitoka nje. Alivaa viatu, akavaa kanzu iliyopigwa pasi na Haboba, akavaa tarbushi yake nyekundu, akapita katikati ya Makina kwa miguu, na watu wakatoka milangoni. Hakuna aliyepitia mtaroni siku hiyo. Kila mtu alitaka kuulizwa mbuzi. Nilijivuna kama vile ni baba yangu mzazi.

Yaliyotokea huko tuliyapata kwake mwenyewe. Ndani ya chumba alikuta Mzungu mwenye miwani na makarani wawili wa Kiafrika. Akawasalimia. Yaani aliwasalimia kama Shaush anavyosalimia, wote watatu, na Mzungu akajikuta anaeleza habari za mama yake mgonjwa huko kwao. Muda wake karibu wote ukaishia hapo. Kisha Mzungu akamwambia hadithi yake ndiyo iliyompendeza kuliko zote, na nafasi ya mafunzo ni yake, kwa sharti moja tu. Akaweka kidole kwenye karatasi, pale mke anapoinua macho.

"Picha ianzie hapa," akasema.

"Hapo ndipo inapokwisha, bwana," Shaush akajibu.

Wakamwambia filamu ni ghali, haiwezi kupotezwa kwa watu wawili wanaoulizana habari. Wakamwambia afikiri vizuri. Mmoja wa wale makarani, kijana mstaarabu, alimfuata mpaka mlangoni akamsihi, "Mzee, kata kidogo tu. Uingie kwanza. Ukiwa ndani utarudisha." Shaush akamshukuru, akamuuliza kwao ni wapi na kama kumenyesha, akarudi Makina kwa miguu.

Tulikuwa tumesimama njiani tunamngoja. Hakuna aliyeuliza, alikuwa ametufundisha vizuri. Tukasalimiana mpaka mwisho. Haboba ndiye aliyekuwa wa mwisho kupewa mkono.

"Walitaka nianzie pale umeinua macho," akamwambia.

"Ukasema?"

"Nikasema hapana."

Haboba akampokea tarbushi. "Vizuri," akasema. "Chakula kiko tayari."

Wapo waliosema ni ukaidi wa kijeshi. Mimi nakataa. Mtu mkaidi hufurahia kukataa kwake, na Shaush hakufurahi. Alikonda. Kwa muda mrefu meza ya nje ya mlango ilikaa bila kitu, na akikusalimia alikuwa anaruka mambo, mara shamba, mara wasafiri, mpaka tukaingiwa na hofu. Alikuwa anakitaka kile kitu. Alitaka watu wa nchi hii wawaone watu wa Kibra, ambao kila mara tulikuwa tunaambiwa tutahamishwa kama magunia, wamekaa nyumbani kwao wakiulizana hali. Aliniambia hivyo mwenyewe, kisha akaniomba radhi kwa kusema sana.

Picha ya kijana aliyeshinda ilikuja na gari msimu uliofuata. Tulikwenda sote, na Shaush akaweka kiti chake palepale mbele. Picha haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mtu anayemtembelea ndugu yake kumshauri juu ya mkopo wa ng'ombe. Akafika yule mtu mlangoni, mlango ukafunguka, naye akafungua kinywa chake kuanza habari ya ng'ombe.

"Salaam aleikum!" ikatoka sauti nyuma yangu.

Sijui nani alianza. Lakini wa pili nilikuwa mimi, na baada yangu uwanja wote, wanawake upande wetu na wanaume upande wao, "Salaam aleikum! Habari ya nyumba? Mama hajambo? Mbuzi je?" Mwenye gari akapandisha sauti ya mashine, nasi tukapandisha yetu. Ng'ombe hakusikika tena. Na pale mbele mzee akasimama kutoka kwenye kiti chake, kivuli cha tarbushi kikaingia kwenye shuka katikati ya wale ndugu wawili, akatugeukia. "Waaleikum salaam," akatuitikia, kama mwenye nyumba. Nikalia. Sioni haya kusema, nililia kwa fahari.

Miaka ikapita. Haboba alitutoka kwa homa ya mapafu, tukamzika makaburini kwetu upande ule wa msitu, na mzee wa Kawangware akaja akakaa siku zote za matanga bila kubisha hata neno. Baada ya hapo macho ya Shaush yakaanza kuziba ukungu. Mwisho akawa anamjua mtu kwa mwendo na kwa salamu, basi.

Ofisi ile ya sinema ikatangaza tena kutafuta waandishi wapya. Nilimpelekea habari nikidhani itamchangamsha.

"Mimi hapana mpya tena," akasema. "Nimeshakataliwa. Wewe ndiyo mpya. Umesoma madrasa, umesoma shule ya misheni, unaandika barua za mtaa mzima. Chukua ile, andika."

"Ile ni yako, Shaush."

"Ni ya Haboba. Mimi nilikuwa nje ya ua, siwezi jua kitu yeye alifikiri na tabaga mkononi. Mwanamke andike." Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Lakini binti. Kama wakisema kata, hapana kata."

Nikaandika. Niliandika kutoka upande wa ndani wa ua, macho yakiwa kwenye ukindu, na mtu asiyeonekana anauliza. Chini nikatia majina mawili, lake na la Haboba, kisha langu. Na mimi pia wakaniita, na mimi pia nikapita katikati ya Makina watu wamesimama milangoni, nimevaa gurbaba yangu mpya. Ndani ya kile chumba hawakuwa watu wale wale, ila yule karani mstaarabu aliyemfuata Shaush mpaka mlangoni, ambaye sasa alikuwa na mvi mbili tatu na kiti cha katikati. Alinitazama akauliza, "Yule mzee wa tarbushi bado yupo?" Nikasema yupo. Akasema miaka yote hiyo hajaisahau ile hadithi, na kwamba wataipiga picha yote, salamu zote, hapa hapa Makina, na nafasi ya mafunzo ya miezi sita ni yangu. Mwanamke wa Kibra. Nilitoka mle sijui kama natembea au nabebwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Shaush. Njia nzima nilikuwa nataka kukimbia, nataka kuruka ua kama siku ile ya moto. Lakini nilifika mlangoni nikasimama, nikavuta pumzi, nikabisha. Alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, uso ameuelekeza njiani, na sijui amekaa hivyo tangu saa ngapi.

"Salaam aleikum, Shaush."

"Waaleikum salaam. Wamesema nini?"

Sikuamini masikio yangu. "Habari ya asubuhi?"

"Nzuri. Wamekata?"

"Na mwili, haujambo?"

"Mwili iko! Binti, nauliza, wamekata ama hapana kata?"

Yule mzee! Aliyewarudisha mlangoni maimamu na machifu, aliyedai salamu na moto unawaka, sasa anapiga fimbo chini kama mtoto anayenyimwa sukari. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na sikumwachia. Nikamuuliza nyumba. Nikamuuliza mguu wake unaouma. Nikamuuliza mahindi, na kama tumbili wameshuka. Alijibu kwa kuguna, fimbo ikigonga, ikigonga.

"Na kuku," nikasema, "bado wanalala jikoni?"

Fimbo ikasimama.

Kisha yale macho yake yenye ukungu yakainuka taratibu, yakanitafuta mpaka yakanipata.

"Bado," akasema. "Wanalala jikoni."